Siku 74 Safarini, Siku 291 Nyumbani

Mke wangu ndiye aliyepiga hesabu hiyo. Nilikuwa nimeketi naandika taarifa ya mwaka ya timu yetu ya umisheni, nikauliza kwa sauti kama kuna anayekumbuka safari ya pili ilianza tarehe ngapi. Hakunijibu. Aliitoa kalenda ukutani, ile aliyokuwa akiitia alama za wino mwekundu mwaka mzima bila kuniambia, akahesabu kisanduku kimoja kimoja. Safari ya kwanza siku 12, ya pili 21, ya tatu 9, ya nne 32. "Sabini na nne," akasema. Kisha akatoa kwenye 365. "Zimebaki mia mbili tisini na moja. Hizo ulikuwa hapa. Nazo utaziandikia taarifa?"

Alisema kwa utani. Lakini nimeishi naye muda wa kutosha kujua utani wake huwa unaishia wapi. Kwa hiyo hii ndiyo taarifa ya mwaka mzima, zile 74 na hizi nyingine. Kwenye kamati sitaipeleka.

Mimi ni fundi cherehani. Kwenye timu ni katibu, na ukatibu nilipewa kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Katibu wa timu ya injili kazi yake kubwa ni daftari. Langu lina jalada gumu na safu nne nilizozipiga mstari kwa rula ya kukatia nguo: tarehe, mahali, waliohudhuria, waliokata shauri. Safu ya tano hakuna, na kwa muda mrefu sikuona kama kuna kinachokosekana pale.

Safari ya kwanza ilikuwa Februari. Tulikwenda kijiji kilicho ng'ambo ya mto, mahali ambapo gari linaishia mbali na vyombo vinabebwa kwa mabega. Jenereta tuliibeba wanne wanne kwa zamu, juu ya miti miwili, kama sanduku la agano, na mwenzetu mmoja hakuchoka kutuonya kwamba ikiyumba mtu asiiguse, tusije tukampoteza kama Uza, aliyeligusa sanduku lile akafa. Tulifanya mikutano ya jioni siku tatu, pamoja na filamu, na mchana nyumba kwa nyumba. Usiku wa mwisho mhubiri alipowaita mbele wanaotaka kumpokea Yesu, watu walisogea hadi vumbi likafifisha taa. Nilipita katikati yao na kadi mkononi na kalamu ya akiba mdomoni, naandika jina, umri, na nyumba iko karibu na nini. Tulipojumlisha kadi za siku zote tatu zilikuwa 63.

Naomba nieleweke hapa. Hatukuwa tunafanya mchezo, wala wao. Usiku ule nililia peke yangu nyuma ya turubai, kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu nilipookoka mwenyewe. Nitakayosimulia mbele hayafuti kilio kile.

Jumapili iliyofuata nilipewa dakika saba za ushuhuda. Dakika saba kwa siku 12! Unajifunza haraka kipi kinaingia ndani ya dakika saba na kipi hakiingii. Mto unaingia, jenereta inaingia, na namba inaingia vizuri kuliko vyote. Niliposema 63 kanisa zima lilisimama. Wale sabini aliowatuma Bwana wawili wawili walirudi na taarifa iliyoizidi yangu, kwamba hata pepo wanawatii, na katika Luka 10 akawaambia wasifurahie hilo, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Mstari huo nimewahi kuwahubiria wengine. Siku ile ulinijia wakati nashuka madhabahuni, lakini mikono ya kunipongeza ilikuwa mingi, nikauacha upite.

Hakuna anayekuandaa kwa wiki ya pili ya kurudi. Ya kwanza inabebwa na uchovu na masimulizi. Ya pili unaamka saa kumi alfajiri kwa sababu huko ndiyo saa ya maombi, unakaa pembeni ya kitanda ukisubiri mtu aanzishe wimbo, na hakuna anayeanzisha. Safarini kila saa ina kazi yake na kila mtu anakuhitaji: omba hapa, shika huku, mzee yule anakuita. Nyumbani kinachokuhitaji ni kitasa cha mlango kilicholegea tangu kabla hujaondoka. Siku 12 sikumkaripia mtu yeyote, hata yule aliyemwaga mafuta ya jenereta ndani ya begi la Biblia. Siku ya tatu tangu nirudi nilipiga kelele kwa ajili ya kitasa.

Binti yetu, ana miaka sita, alinitazama nikifungua begi akauliza, "Baba, umekuja kulala au umekuja kukaa?"

Na kulikuwa na mteja. Dada wa kanisani kwetu, alikuwa amenipa kitambaa cha nguo ya harusi ya mdogo wake. Nilimpima mwenyewe: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Niliandika vipimo vyote kwa mwandiko wangu ule unaosomeka, nikamwahidi, halafu nikasafiri. Alikuja mara tatu akakuta pamefungwa. Mara ya nne alikabidhiwa kitambaa chake na mke wangu kikiwa vilevile nilivyokipokea, hakijaguswa na mkasi. Hakunisema kwa mtu. Nadhani aliona aibu kumlalamikia mtu aliyekwenda kwa kazi ya Mungu. Vipimo vyake bado vipo kwenye daftari la kazi.

Ni katika wiki hizo nilipoanza kusoma Matendo ya Mitume kwa namna ambayo sikuwahi. Nilikuwa nasoma safari. Sasa nikawa natafuta nafasi kati ya safari. Paulo na Barnaba walipomaliza ile ya kwanza walirudi Antiokia, wakalikusanya kanisa, wakaeleza yote aliyofanya Mungu pamoja nao. Hapo ndipo huwa tunafunga Biblia. Mstari unaofuata, wa mwisho katika sura ya 14, unasema walikaa huko na wanafunzi muda mrefu. Walifanya nini? Luka hasemi. Nikarudi nyuma: kabla ya kutumwa walikuwa wamekaa Antiokia mwaka mzima wakifundisha. Nikaenda mbele: Korintho, mwaka mmoja na miezi sita. Efeso, miaka miwili akifundisha katika darasa la Tirano, na akiwaaga wazee wa kanisa lile anataja miaka mitatu. Mtu tunayemwita msafiri alitumia miaka kuzoeana na mtaa. Ramani zilizo nyuma ya Biblia yangu zina mistari mitatu ya safari zake, kila mmoja rangi yake. Za kukaa kwake hakuna aliyezichora, na sijui angezichora vipi.

Halafu ikaja safari ya pili, Juni, siku 21 kwenye vijiji vya kando ya ziwa. Hii sitaisimulia yote. Mikutano ilikuwa mikubwa, safu yangu ya nne ilijaa, mvua ilitunyeshea siku nne mfululizo, spika moja ikaungua. Jambo la safari ile ni moja.

Fundi mitambo wetu ni kijana, mdogo kuliko sisi wote. Siku ya tisa alipata ujumbe kwamba mama yake ameanguka, amelazwa. Aliomba ruhusa. Kiongozi wa safari alimjibu kwa Maandiko, na nadhani wasomaji wengi mnaujua mstari wenyewe, ule wa kuwaacha wafu wazike wafu wao. Kijana alinyamaza. Usiku aliviringisha nyaya zote vizuri, kila waya na fundo lake, akaviweka vyombo kwenye masanduku, na alfajiri tulipoamka hakuwepo. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema neno kabla hajaondoka na sikulisema. Kwenye daftari niliandika: "Fundi mitambo aliacha huduma siku ya 9." Mwandiko safi kabisa.

Mama yake alipona. Lakini kijana hakuja kwenye maombi ya Jumanne tena, na hakuna aliyemwendea.

Yohana Marko naye aliwaacha wenzake Perge, katikati ya safari ya kwanza. Luka hatoi sababu. Baadaye Paulo akakataa kabisa kumchukua tena, Barnaba akashikilia kwamba aende, na wakashindana hadi wakaachana: Barnaba na Marko kwa njia ya Kipro, Paulo na Sila kwa njia ya Shamu. Huwa nasikia mahubiri yakisema ugomvi ule ulizaa timu mbili, Mungu akatukuzwa. Inawezekana. Mimi nilivyousoma mwezi ule wa Julai, niliona wanaume wawili waliofukuzwa mjini pamoja na kukimbia mawe pamoja wakashindwa kukubaliana juu ya kijana mmoja. Na niliona kwamba sisi hatukuwa hata na Barnaba wa kubishana.

Nilikwenda nyumbani kwa kijana wetu wa mitambo Jumamosi moja. Nilibeba suruali niliyomshonea, maana sijui kuomba msamaha mikono mitupu. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tulikaa nje, tukazungumza kuhusu spika iliyoungua, jinsi ambavyo ingeweza kuokolewa. Nikiondoka nilimwambia nilichoandika kwenye daftari. Akasema, "Kaka, siyo uongo. Niliacha." Nikafika nyumbani nikaongeza maneno matatu baada ya "siku ya 9": kwenda kumwuguza mama. Yanaonekana yameongezwa, wino si ule ule.

Miezi ya katikati ya mwaka ilikuwa ya fedha, au niseme ya kukosa fedha. Safari za injili zina wategemezaji, ndugu wanaotoa kila mwezi kwa moyo, na katibu ndiye anayewaandikia barua. Barua hizo zina uandishi wake. Ukisema mambo ni mazuri mno, hawaoni haja ya kutoa. Ukisema ni mabaya, wanaona hamna upako. Basi unatafuta katikati, na katikati hiyo inahitaji namba na picha ya mtoto anayetabasamu. Niliandika barua moja usiku, nikaisoma tena, nikaona imeshonwa vizuri sana na haimtoshi mtu yeyote ninayemjua.

Kanisa la kwanza lilikuwa na shida ya watu wa aina yetu. Kuna kitabu kidogo cha mafundisho cha Wakristo wa zamani sana, kinaitwa Didache. Kilipotea karne nyingi hadi askofu wa Kigiriki, Philotheos Bryennios, alipokikuta Constantinople mwaka 1873, akakichapisha 1883. Kinaagiza hivi: mtume anayepita apokelewe kama Bwana mwenyewe, lakini akae siku moja tu, na ikibidi ya pili. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Nilimsomea mke wangu jikoni. Akacheka hadi akaketi. "Soma tena hapo pa fedha," akasema.

Paulo mwenyewe alichanganya. Wafilipi walimtumia msaada zaidi ya mara moja akaupokea kwa shukrani, na Korintho alishona hema pamoja na Akila na Prisila. Kwangu kushona si mfano wa mahubiri, ni kazi. Lakini cherehani haijui kwamba ulikuwa kwenye huduma. Mteja aliyekwenda kwa fundi mwingine mwezi Juni hakurudi Julai kwa sababu una ushuhuda mzuri. Karibu miezi miwili tuliishi kwa alichopata mke wangu, na katika miezi hiyo hiyo watu walinisimamisha njiani kunishukuru kwa kujitoa kwangu.

Ni yeye, katika siku hizo, aliyesema neno ambalo bado sijalimaliza. Tulikuwa tumetoka kuomba kabla ya kulala. Nilikuwa nimewaombea wa ng'ambo ya mto na wa ziwani, mmoja mmoja kwa jina, kadi zikiwa mbele yangu. Alizima taa, akanyamaza, kisha akasema polepole, "Umewataja wote kwa majina. Sisi umesema 'na familia yangu.'"

Nilikuwa nasoma wakati huo habari za William Carey, yule mshona viatu Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1793 na ambaye Waprotestanti wengi humwita baba wa umisheni wa kisasa. Nilimpenda kwa sababu ya viatu. Kisha nikafika kwa mkewe. Dorothy hakutaka kwenda; alikubali dakika za mwisho, akiwa na mtoto mchanga. Mwaka uliofuata mwanao Peter, mvulana wa miaka mitano, alikufa kwa kuhara damu, na akili za Dorothy zikaharibika, zisirudi tena hadi alipofariki mwaka 1807. Carey alitafsiri Biblia mkewe akiwa na mahangaiko hayo chumba cha pili. Tafsiri ni kazi kubwa, sibishi. Nilikifunga kitabu, na sijakifungua tena hadi leo.

Tangu usiku ule nawataja kwa majina, na jina la binti nalitaja la kwanza.

Safari ya tatu, Septemba, haikuwa kwenye ratiba. Mwinjilisti mmoja mlimani, mahali pa baridi, alikuwa anaugua mgongo na alihitaji watu wa kumaliza paa la nyumba ya ibada kabla ya mvua. Kamati haikuwa na nafasi. Nilikwenda mimi na yule kijana wa mitambo, siku tisa, bila spika hata moja. Yeye alipiga mabati. Mimi nilishona kwa sindano ya mkono nguo za watoto zilizochanika, kwanza moja, halafu foleni. Jioni tulisoma Marko sura kwa sura na watu wasiozidi saba, ambao wote walikuwa Wakristo tayari. Kadi sikubeba. Niliporudi, katika safu ya nne niliandika 0, na mwenyekiti akaniuliza kama nimesahau kujaza.

Sifuri ina historia yake katika kazi hii. Carey alikaa India miaka saba kabla ya kumbatiza Krishna Pal, mwongofu wake wa kwanza Mhindi, Desemba 1800. Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani, alifika Burma (Myanmar ya leo) 1813 na ubatizo wa kwanza ulikuwa 1819. Miaka sita. Najaribu kufikiria mke wa Judson, Ann, akiandika barua kwa wategemezaji wa Marekani mwaka wa tano. Aliziandika kweli, tena nyingi, na watu walizisoma. Sijui kamati yetu ingemsubiri hadi mwaka wa ngapi.

Kijana ndiye aliyeuliza swali. Alirudi kwenye maombi ya Jumanne baada ya mlima, akakaa nyuma, na kikao kilipofika kupanga safari ya mwisho ya mwaka akanyoosha mkono. "Wale 63 wako wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Kamati ilikuwa imekwisha kutaja kijiji kipya, na nieleweke vizuri: watu hutoa kwa ajili ya kijiji kipya. Hakuna aliyewahi kufunga na kuomba ili kurudi mahali palepale. Lakini safari ya pili ya Paulo, ile inayofika hadi Makedonia, ilianza kwa maneno mepesi sana katika Matendo 15: turudi tukawaangalie ndugu, wako hali gani. Nilisoma mstari huo kwenye kikao, sauti ikinitetemeka kama mwanafunzi. Walikubali, kwa masharti kwamba twende wawili, tusitumie vyombo, na nauli tujitegemee nusu.

Mke wangu naye alitoa sharti lake. Kila jioni nipige simu, na tuombe watatu. Kule ng'ambo ya mto mtandao unapatikana juu ya kilima tu, kwa hiyo kwa siku 32 nilipanda kilima jua likizama, na watoto wa kijiji wakanipa jina linalomaanisha, nilivyoelezwa, mtu anayeongea na mwezi.

Tulianza kuwatafuta wenye kadi siku ya pili. Aliyetuongoza ni mwinjilisti wa pale, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwepo Februari pia lakini sikumbuki kama niliongea naye. Alikuwa ndiye aliyetafuta uwanja na kuchota maji ya timu. Kwenye daftari langu la Februari hayumo.

Vijana wengi walikuwa wameondoka kwenda kutafuta kazi. Kadi kadhaa zilikuwa na majina ambayo hakuna aliyeyajua. Tatu zilikuwa za mvulana mmoja aliyejiandikisha kila usiku kwa jina tofauti, kwa sababu aliyejaza kadi alipewa kijitabu, naye anapenda kusoma. Vijitabu vyote vitatu anavyo, kimoja akanionyesha alipokosoa kosa la chapa. Mama mmoja alikuwa muumini tangu utoto, alikuja mbele kwa sababu aliguswa na hakujua pa kwenda kusimama. Baba mmoja alisema bila haya kwamba alikuja kuitazama jenereta kwa karibu. Na wengine walikumbuka usiku ule vizuri, walitukaribisha ndani, wakasema bado wanafikiria.

Waliokuwa wakikutana kila Jumapili walikuwa 16. Kati yao wenye kadi zangu walikuwa 11.

Kati ya wale watano wasio na kadi, wa kwanza ni bibi mmoja. Usiku wa mwisho wa Februari alikuwa ameketi mbali, nyuma kabisa, na wajukuu wawili wamelala mapajani. Mhubiri alipowaita watu mbele hakuweza kuinuka bila kuwaamsha. Kadi zikapita, zikaisha. Kulipokucha alitembea hadi kwa mwinjilisti, akamwambia, "Jana niliitwa." Tangu siku hiyo, nilivyoambiwa, hajakosa ibada hata moja, na wengine wanne aliwaleta yeye.

Nililitazama lile daftari jioni ile kilimani kwa muda. Namba 63 ilikuwa kubwa mno na wakati huohuo ilikuwa na upungufu.

Mwinjilisti hakutulaumu. Mara moja tu, tukiwa tunavuka mto, alisema kama mtu anayeeleza hali ya njia: "Mlipoondoka walikuwa wanakuja kuniuliza filamu itarudi lini. Ilichukua miezi kama mitatu kuwazoesha kwamba nimebaki mimi tu." Halafu akanionyesha jiwe lisilo na utelezi.

Nimemfikiria sana pamoja na Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani. Wasomaji wa Kiswahili tunamjua mwenzake zaidi, Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Krapf alikuwa mtu wa ndoto ndefu: mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii ya Afrika hadi ile nyingine. Rebmann aliungana naye 1846, na vitabu humkumbuka kwa theluji ya Kilimanjaro aliyoiona Mei 1848, ambayo wasomi wa Ulaya waliibishia. Lakini Krapf afya ilipomshinda akarudi kwao, Rebmann alibaki Rabai, karibu na Mombasa. Waongofu wachache, kamusi za lugha za watu, macho yakififia mwaka baada ya mwaka. Aliondoka 1875, karibu kipofu, miaka 29 tangu afike, na mwaka uliofuata akafariki. Theluji aliiona mapema. Iliyobaki ni miaka 27 ambayo haina cha kusimulia kwa dakika saba.

Siku 32 zile tulifanya mambo madogo. Kijana aliwafundisha wavulana kurekebisha redio. Mimi nilifundisha akina mama watatu kukata na kushona kwa mkono, na tukapita Wafilipi yote, taratibu, tukirudia tulipokwama. Bibi alikwama pale Paulo anaposema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Akauliza alijifunza kwa muda gani. Sikuwa na jibu.

Siku moja kabla ya kuondoka niliona koti la mwinjilisti. Yaani nilikuwa nimeliona siku 31, lakini siku hiyo niliona kama fundi: limefumuka kwapani, viwiko vimeisha, limegeuzwa kola mara mbili. Nikatoa futi yangu nikamwambia asimame. Aligoma, akacheka, akasimama. Nilimpima bega, kifua, mgongo, na tukaitwa kuombea mgonjwa nikiwa bado na futi shingoni.

Karibu na mwisho wa maisha yake Paulo anamwandikia Timotheo aje upesi. Anaomba vitu vitatu kwa pumzi moja: joho aliloliacha Troa kwa Karpo, vitabu hasa vile vya ngozi, na Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi. Marko yule yule.

Sasa ni Januari. Koti limekamilika isipokuwa mikono, limening'inia kwenye msumari juu ya cherehani, kwa sababu katika zile pilika sikuandika urefu wa mkono. Mimi, mwenye mwandiko unaosomeka. Juzi mwinjilisti alipanda kilima akanipigia, nikamwomba ajipime. Hana futi. Akajipima kwa shibiri, akanitajia: tatu na vidole vinne.

"Shibiri za mkono wako au wa nani?" nikauliza.

Kimya kidogo, nikasikia upepo wa kilimani na watoto wakicheka.

"Za bibi," akasema. "Mimi nisingeweza kujipima mkono wangu mwenyewe."

Binti yangu amejaribu kunionyesha shibiri ya bibi inaweza kuwa kubwa kiasi gani, kwa kutumia mkono wa mama yake. Tumekubaliana kwamba mikono nitaiacha bila pindo, niende nayo hivyo hivyo. Mke wangu ameichukua kalenda mpya na kalamu nyekundu, ananingoja nitaje tarehe.